Farasi na Vumbi: Uhakiki wa Miongozo ya Neno la Kwanza katika Uchumba

Katika kazi zote za ulimi hapana iliyo ngumu kama kuanza. Waliozoeana huweza kusema mengi kwa nusu ya neno; wageni wawili hawana hata nusu hiyo. Kila mmoja amesimama nje ya mlango wa mwenziwe, wala hajui kama mwenye nyumba amelala au yu macho, anangoja mgeni au amekwisha kutia komeo. Kwa sababu hiyo kila taifa lenye adabu limetunga namna zake za kubisha hodi. Na popote namna hizo zilipolegea, maandishi ya mafunzo yamezuka kujaza pengo.

Fasihi inayohakikiwa hapa ni ya jamii hiyo. Ni miongozo imfundishayo kijana, na hata mtu mzima, jinsi ya kuandika ujumbe wa kwanza kwa mtu aliyemwona katika programu ya uchumba ndani ya simu, na jinsi ya kupanga miadi ya kwanza isiyokuwa na taabu. Miongozo hiyo ni mingi kupita kiasi, na aghalabu haihesabiwi kuwa ni fasihi. Wasomi huipita kama wapitavyo matangazo yaliyobandikwa ukutani. Kuipita hivyo ni kosa. Maandishi yanayosomwa na watu wengi walio kati ya hofu na tumaini, na yanayogeuza maneno watakayosema kesho yake, yanastahili kupimwa kwa mizani ile ile ipimayo mashairi na hadithi. Je, yanasema kweli? Yanamheshimu nani? Yanamwacha msomaji akiwa mtu bora, au akiwa hodari tu?

Jambo lenyewe si dogo. Match.com, mojawapo ya mabaraza ya kwanza ya uchumba katika intaneti, lilifunguliwa mwaka 1995. Tinder ilifuata mwaka 2012, ikaufanya uchaguzi wa mtu kuwa kazi ya kidole kimoja. Uchunguzi wa Michael Rosenfeld na wenzake wa Marekani, uliotolewa mwaka 2019, ulionyesha kuwa kati ya kila jozi 100 za mwanamume na mwanamke waliojuana nchini humo mwaka 2017, jozi 39 hivi zilikutana kwa njia ya intaneti. Hesabu hiyo ni ya Marekani, wala haifai kuhamishwa nzima nzima na kupandwa Tanga au Kisumu. Hata hivyo yatosha kuonyesha kwamba kazi iliyokuwa ya shangazi, ya jirani na ya rafiki wa kaka, sasa katika nchi nyingi hufanywa na sentensi moja iliyoandikwa na mtu asiyejulikana kwa mtu asiyemjua. Sentensi hiyo imebeba mzigo uliokuwa ukibebwa na ukoo mzima.

Ukoo wa mafunzo haya ni mkongwe. Yapata miaka 2000 iliyopita Ovid, mshairi wa Roma, alitunga *Ars Amatoria*, mafunzo ya mapenzi katika vitabu 3. Katika kitabu cha kwanza humpeleka mwanafunzi wake kwenye uwanja wa mashindano ya farasi. Huko, asema, mwanamume na akae karibu na mwanamke aliyempendeza. Na aulize farasi wanaoingia ni wa nani. Na wale anaowapendelea mwanamke, yeye naye awapendelee. Vumbi likianguka katika vazi la mwanamke, na alikung'ute. Na lisipoanguka, na akung'ute vivyo hivyo.

Mafunzo hayo yana pande mbili, na pande hizo zimeandamana na ukoo huu hata leo. Upande wa kwanza ni wa farasi, nao ni hekima. Wageni wawili hawawezi kuzungumza juu yao wenyewe, maana hawajajuana. Wala hawawezi kuzungumza juu ya mapenzi, maana hayajakuwapo. Wanahitaji kitu cha tatu, kilicho mbele ya macho ya wote wawili, ambacho kila mmoja ana haki sawa ya kukisemea. Farasi ni kitu hicho. Mwanamke aweza kujibu kwa neno moja akanyamaza, au aweza kueleza farasi ampendaye na sababu zake, na katika kueleza akajifunua kadiri apendavyo mwenyewe. Upande wa pili ni wa vumbi, nao ni hila. Vumbi lisilokuwapo ni uongo wa mkono: mwanamke amefanywa kuwa kitu cha kuguswa, na kisingizio kimetungwa. Ovid hakuona tofauti ya pande hizi, au aliiona akaifanyia mzaha. Maana mbele kidogo anashauri ahadi zitolewe kwa wingi kwa kuwa kuahidi hakugharimu kitu. Kaisari Augusto alimhamisha mji mwaka 8 baada ya Kristo, na mshairi mwenyewe alitaja sababu mbili za adhabu hiyo, shairi na kosa. Uhakiki wa Kaisari ulikuwa mkali kuliko wa haki. Lakini mhakiki wa leo naye hana budi kuuliza, katika kila mwongozo anaoushika, kama anafundishwa farasi au anafundishwa vumbi.

Ukoo huo haukuishia Roma. Mwaka 1739 wauza vitabu wawili wa London walimwomba Samuel Richardson, mpiga chapa, awaandikie kitabu cha barua za mfano kwa watu wasiojua waandikeje katika mambo ya maisha. Alipokuwa akiandika barua za baba kwa binti aliye mtumishi katika nyumba ya bwana mwenye nia mbaya, wazo la hadithi ndefu lilimjia. Na *Pamela*, hadithi yote ya barua, ilitoka mwaka 1740, ikahesabiwa miongoni mwa wazazi wa riwaya ya Kiingereza. Barani Afrika, katika miaka ya 1950 na 1960, soko la Onitsha nchini Nigeria lilijaa vijitabu vya bei rahisi, na baadhi yake vilifundisha vijana kuandika barua za mapenzi na kusema na wasichana. Wasomaji wake walikuwa wanafunzi, makarani na wafanya biashara wadogo waliotoka vijijini na kukuta mji usiokuwa na shangazi. Vita vya mwaka 1967 hadi 1970 vilivunja biashara hiyo, lakini vijitabu vyenyewe vimekwisha kuingia katika vyuo vikuu na kuandikiwa tasnifu. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba maandishi ya kufundisha neno la kwanza ni takataka za fasihi. Mara mbili walau, fasihi kubwa au uchunguzi wa maana umeota katika udongo huo.

Sasa na itazamwe miongozo ya leo. Amri yake kuu, iliyo bora kuliko zote, ni hii: usiandike kwa kila mtu, mwandikie mtu huyu. Soma wasifu wake, chukua jambo moja alilolisema, mwulize juu yake. Amri hiyo ina ushahidi nyuma yake. Mwaka 2009 wenye OkCupid, baraza lililoanza mwaka 2004, walitangaza matokeo ya kuchungua jumbe za kwanza zaidi ya 500,000. Waliona kwamba maneno ya kusifu umbo la mtu yalipunguza majibu. Kwamba maneno yaliyokatwakatwa kwa uvivu yaliyapunguza zaidi. Na kwamba maneno yaonyeshayo mwandikaji amesoma, ya namna ya kusema ‘nimeona umetaja jambo fulani’, yaliyaongeza. Hivyo mashine ya kuhesabia imefika alikofika Ovid bila mashine: sifa ya uzuri haina farasi ndani yake. Mwanamke aambiwaye kuwa ni mzuri ana majibu mawili tu, kushukuru au kunyamaza, na yote mawili huufunga mlango. Mwanamke aulizwaye kama ngoma iliyo katika picha yake ilichezwa Bagamoyo au Lindi amepewa njia ya kutembea.

Wasomaji wa Kiswahili hawana haja ya kwenda Marekani kuitafuta kanuni hii, maana ni kanuni ya majibizano. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi tangu mwaka 1776 hata 1840, alishindana kwa mashairi na watungaji wa Lamu katika zama ambazo miji hiyo miwili ilipigana pia kwa silaha. Baadaye gazeti la *Mambo Leo*, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, lilifungua kurasa zake kwa mashairi, na watunzi waliotengwa na safari ya siku nyingi wakasomana na kujibizana. Basi mazungumzo ya maandishi baina ya watu wasiopata kuonana uso kwa uso si mageni kwa lugha hii. Na adabu ya majibizano yajulikana. Ajibuye huchukua kitu kutoka kwa aliyetangulia: aweza kushika vina vyake, aweza kushika fumbo lake, aweza kushika neno moja na kuligeuza. Asiyechukua kitu hakujibu. Amesema peke yake mbele ya mtu.

Shakespeare alilijua jambo hilo. Katika *Romeo and Juliet*, Romeo na Juliet wanapokutana mara ya kwanza, maneno yao ya mwanzo ni shairi moja la mistari 14, walilolitunga kwa kupokezana bila ya kujua kuwa wanatunga. Romeo anatangulia kwa mistari 4 na mfano wa msafiri aendaye kuhiji. Juliet haukatai mfano huo wala haukubali kama ulivyo. Anaushika na kuugeuza, akimkumbusha kuwa mahujaji hugusana kwa viganja. Kisha kila mmoja anapokea na kurudisha mpaka vina vinakamilika. Watazamaji wengi huondoka wakikumbuka busu. Mhakiki na akumbuke kwamba busu limekuja baada ya mtu mmoja kumsahihisha mwenziwe, na mwenziwe kufurahi kusahihishwa. Mwongozo mwema wa neno la kwanza hutaka neno linaloweza kusahihishwa.

Hapa ndipo penye upungufu wa kwanza wa miongozo hii, hasa ile inayotoka ng'ambo na kugeuzwa kwa haraka. Miongozo hiyo huilaani salamu. Husema kwamba ujumbe wenye salamu tu ni ujumbe mtupu, na kwamba mwandikaji hodari huingia moja kwa moja katika swali. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Ujumbe usemao ‘Mambo’ na kukoma hapo umebisha hodi, ukafunguliwa, ukasimama mlangoni bila ya kusema umetumwa nini. Lakini nusu ya pili yampoteza msomaji wa Kiswahili. Katika lugha hii salamu si kelele ya kusafishia koo. Ni kumkiri mtu kabla ya kumhitaji. Aulizaye njia bila ya kusalimu huhesabiwa kuwa hana malezi, hata swali lake likiwa zuri namna gani. Basi aulizaye moyo wa mtu atahesabiwaje? Kanuni ya kigeni hapana budi ivishwe nguo za mahali: salamu iwepo, iwe fupi na ya rika, kisha farasi afuate katika ujumbe ule ule. Salamu ni kizingiti. Haifai kukirukwa, wala haifai kulala juu yake.

Upungufu wa pili ni kwamba miongozo mingi imeandikwa kana kwamba mwanamume ndiye mwandikaji daima, na mwanamke ndiye msomaji. Mwaka 2014 programu ya Bumble iligeuza jambo hilo kwa kuweka sharti kwamba, katika jozi ya mwanamume na mwanamke, mwanamke ndiye aanze kuandika. Wengi waliliona kuwa ni mapinduzi. Mwaka 2024 Bumble yenyewe ililegeza sharti lake, ikamruhusu mwanamke kuweka swali moja mapema, na kila atakayelingana naye akaweza kulijibu. Yamkini waliobuni swali hilo hawakupata kusikia habari za kanga, lakini mwanamke wa pwani angelitambua mara moja. Jina la kanga ni neno lililotangulizwa. Halikuelekezwa kwa mtu kwa dole. Limevaliwa, limepita njiani, na mwenye masikio amesikia. Mwenye kanga hakusema kitu, na amesema. Akijibiwa vizuri, fumbo lilikuwa lake. Akijibiwa vibaya, alikuwa amevaa nguo tu. Usanii wa kanga ni kumpa mwanamke uwezo wa kuanza bila ya kumwondolea uwezo wa kukana. Miongozo iwafundishayo wanawake kuanza mazungumzo kwa ushujaa mtupu, kana kwamba kuanza na kujianika ni jambo moja, imekosa somo lililofungwa kiunoni kwa zaidi ya miaka 100.

Walakini ulinganifu huu una mpaka, na haki yataka mpaka huo utajwe. Kanga ilipita katika mtaa uliomjua mvaaji, na aliyelisoma jina lake alikuwa mtoto wa watu fulani, mwenye nyumba na jamaa. Ukosefu wake wa adabu ungefika kwa mama yake kabla ya magharibi. Katika programu ya uchumba hapana mtaa. Picha yaweza kuwa ya mwingine, jina laweza kuwa la kubuni, na utu uzima waweza kuwa wa jana. Kwa hiyo mafunzo ya kupanga miadi ya kwanza, ambayo kwa mtazamo wa juu juu ni mambo ya kahawa na mavazi, ndiyo sehemu nzito kuliko zote katika fasihi hii.

Mafunzo hayo kwa kawaida ni manne: miadi iwe mifupi, iwe mahali pa watu, gharama yake iwe ndogo, na kila mmoja aje na aondoke kwa njia yake. Mwenye pupa huyaona kuwa ni ubahili na woga. Uhakiki wayaona kuwa ni muundo mzuri. Miadi mifupi ina mwisho unaojulikana, na mwisho unaojulikana huwapa watu wawili raha ya kuwapo. Hakuna anayehesabu dakika kwa siri akitafuta udhuru. Gharama ndogo huzuia deni. Mtu aliyelishwa chakula cha thamani kubwa na mgeni hujikuta anadaiwa asichokikopa, na mazungumzo ya mdaiwa si mazungumzo huru. Kikombe cha chai hakimnunui mtu, na kila mmoja aweza kukilipia.

Mahali pa watu, penye jambo la kutazama, ni farasi wa Ovid amerudi. Forodhani mjini Unguja wakati wa jioni ina moshi wa mishikaki, wauza urojo, juisi ya miwa na vijana wajirushao baharini. Barabara ya Mama Ngina mjini Mombasa ina mihogo, madafu na meli zinazoingia bandarini. Coco Beach ya Dar es Salaam ina mihogo yake na bahari yake. Wawili waliokaa ubavu kwa ubavu wakitazama meli hawalazimiki kutazamana. Kimya kikiingia, kina mahali pa kukaa, maana wote wanaangalia kitu. Wale waliofungiwa ana kwa ana katika mkahawa wa giza na mishumaa hawana cha kutazama ila uso wa mwenziwe, na kimya chao hugeuka kuwa mtihani. Miongozo inapoeleza jambo hili kwa maneno ya ‘kupunguza wasiwasi’ husema kweli. Ingesema kweli zaidi kama ingeongeza kwamba wasiwasi hupungua kwa sababu kitu cha tatu kimeubeba.

Lakini pana sababu nzito kuliko wasiwasi. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya watu waliandamana Nairobi na katika miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake. Na katika mauaji yaliyoamsha hasira ya mwezi huo yalikuwamo yaliyotendeka katika nyumba za kupangisha kwa siku chache. Mwezi huo huo ubalozi wa Marekani nchini Kolombia uliwaonya raia wake juu ya vifo 8 vyenye kutiliwa shaka vilivyotokea katika mji wa Medellín baina ya tarehe 1 Novemba na 31 Desemba 2023, ambavyo kadhaa katika hivyo vilihusiana na programu za uchumba. Hatari, basi, haichagui jinsia wala bara. Mwongozo unaoweka amri ya mahali pa watu katika orodha moja na rangi ya shati umepima vibaya. Na mwongozo unaomfundisha mwanamume jinsi ya kumshawishi mgeni ahamie mahali pa faragha usiku wa kwanza, hata ukiandikwa kwa lugha tamu namna gani, ni vumbi lisilokuwapo. Mkono umekwisha kunyoshwa. Mtu mwema akikubali mahali pa wazi bila ya kunung'unika ametoa ushahidi juu ya nafsi yake ulio bora kuliko barua kumi.

Kosa kubwa la fasihi hii limebaki, nalo ni la nia. Miongozo mingi humwona mtu anayeandikiwa kuwa ni kufuli, na maneno kuwa ni funguo. Huahidi funguo zisizokosea: maneno haya hufungua kila mlango, maswali haya huleta mapenzi. Mfano mzuri wa kosa hilo ni yaliyoupata uchunguzi wa Arthur Aron na wenzake, uliotolewa mwaka 1997. Watafiti hao waliwaketisha wageni wawili wawili, wakawapa maswali 36 katika mafungu 3, mepesi kwanza, mazito baadaye, na kila mmoja akijibu kwa zamu. Nia yao ilikuwa kuona kama ukaribu wa muda waweza kuundwa ili uchunguzwe; hawakudai kutengeneza mapenzi. Baada ya insha moja iliyotoka katika gazeti la *The New York Times* mwaka 2015, maswali hayo yalienea duniani kama dawa ya mapenzi. Wengi waliyanakili maswali, wakaiacha kanuni iliyomo: kwamba kujifunua huenda hatua kwa hatua, na kwamba anayeuliza naye hujibu. Anayeuliza maswali 36 bila ya kujibu hata moja ni karani wa polisi.

Fikira ya ufunguo imefika mwisho wake sasa, maana ufunguo unatengenezwa na mashine. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa watu wote mwezi wa Novemba 2022, mtu asiyejua kuandika barua ya mapenzi aweza kuandikiwa kwa dakika moja, na mwongozo wa leo hauandiki tena mfano wa barua. Humwelekeza msomaji jinsi ya kuiagiza. Watetezi husema kwamba hili si jambo jipya, kwa kuwa watu wa kale walitumia washenga. Hoja hiyo ina uzuri wa nje. Mshenga alikuwa mtu. Alijulikana kwa pande zote mbili, alikwenda kwa miguu yake na jina lake, na kila aliyempokea alijua kuwa anasema kwa ajili ya mwingine. Ndoa ikiharibika, mshenga aliulizwa. Mashine haijulikani kwa apokeaye, haina jina la kupoteza, wala haiulizwi. Iliyofanana nayo si kazi ya mshenga; ni kazi ya Cyrano katika tamthilia ya Edmond Rostand iliyochezwa mara ya kwanza Paris mwaka 1897. Cyrano alimwandikia Christian barua za kumpeleka kwa Roxane. Barua zilishinda, na ushindi wao ukawa msiba wa wote watatu: Christian aligundua kuwa anayependwa ni mwandikaji wala si yeye, Cyrano alinyamaza, na Roxane aliomboleza miaka 15 bila ya kujua ni nani aliyemwombolezea. Mtu akishinda kwa neno lisilo lake, atakwenda kwenye miadi kulitetea neno hilo kwa ulimi usiolijua. Forodhani hapana wa kumwandikia.

Hata hivyo si haki kumhukumu kila aombaye msaada. Yuko mwenye haya, yuko mwenye kigugumizi, yuko mjane aliyeuacha mchezo huu miaka 30 iliyopita na kukuta kanuni zimegeuka. Hao ndio wasomaji wa kweli wa miongozo, kama walivyokuwa vijana wa Onitsha na watumishi wa London. Kuwacheka ni ukatili wa wale waliojaliwa ulimi. Wanachostahili ni mafunzo yanayowarudishia sauti yao badala ya kuwaazima ya mwingine. Rafiki aweza kuisoma barua na kusema, ‘Hapa umejisifu mno, na hapa hukuuliza kitu’. Barua ikabaki ya mwenyewe. Huo ndio mpaka baina ya kufundisha na kusemea.

Kwa mizani hiyo, hukumu juu ya fasihi hii yaweza kutolewa. Ubora wake ni kwamba imegundua upya, kwa hesabu na kwa majaribio, adabu ya kale ya majibizano: soma kabla ya kuandika, acha nafasi ya jibu, kutana penye kitu cha kutazamwa, ondoka kabla ya kuchosha. Udhaifu wake ni kwamba huipima adabu hiyo kwa idadi ya majibu, kana kwamba neno lisilojibiwa ni neno lililoharibika. Shairi jema hupelekwa gazetini bila ya hakika ya kujibiwa, wala mtungaji wake hadai. Vivyo hivyo neno la kwanza la uchumba: likisha kusemwa kwa ukweli na staha, kazi yake imekwisha, na kinachobaki ni haki ya mwingine. Aweza kusema karibu. Aweza kunyamaza. Adabu ya Waswahili kwa muda mrefu imemfundisha mgeni kubisha hodi mara tatu, na asipoitikiwa, arudi alikotoka bila ya kinyongo. Miongozo mingi ya leo imefundisha kubisha vizuri. Mwongozo utakaofundisha pia kurudi vizuri ndio utakaostahili kuwekwa kabatini pamoja na vitabu.